Vedeti ya filme yetu

Leo tulikula vedeti, nyota ya filme yetu. Na bugali.

Musicheke kwanza.

Tuko banafunzi bane, tunatengeneza filme ya batoto. Mwanzo tuliichora picha kwa picha: kuku anatoka mulangoni, anapotea mu mutaa wa Cimpunda, kisha anarudia nyumbani.

Maman Nabintu alitupatia nyumba yake na kuku wake mwekundu, hana manyoya kwenye shingo. Asubui tulimufilme akitoka. Alitembea kama alisoma senario!

Tukaenda kufilme barabara. Saa sita tukarudia kwa Maman, tumalizie na kuku akirudia nyumbani.

Meza iko tayari. Bugali, mboga ya lengalenga, na sahani moja yenye kufunikwa.

Aline, mwenye kuongoza filme, akauliza polepole: «Maman, kuku iko wapi?»

Maman akafunua sahani.

«Mugeni atumike kazi kwangu tangu asubui, nimupatie lengalenga tupu? Hapana, batoto yangu. Mukule.»

Sasa utakataa namna gani?

Aline ndiye alianza. Na paja.

Ilikuwa tamu, siwadanganyi. Lakini filme inaitwa «Kuku Mwenye Alirudia».

Nani iko na kuku mwekundu, shingo tupu? Aniandikie hapa.

Ila tafazali, pale nyumbani kwenu musiseme kama tuko bageni.