Gunia Kutoka Stoo ya Taka

Katika maabara ya udongo na mazao nilikofanya kazi, Kitale, mimi ndiye niliyekuwa mkali wa taka. Asidi kwake, vinavyoshika moto kwake, na mabaki ya dawa za wadudu ndani ya mitungi, kila mtungi umekalishwa kwenye beseni ili ukivuja uvujie humo. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa mabeseni. Niliwaacha wacheke.

Kisha mahindi yakavunwa, mvua ikakataa kuisha, na mkubwa wangu akaja na magunia sita ya mahindi. Ghala lake lilikuwa linavuja; stoo yangu ilikuwa na paa zuri na kufuli. "Ni siku chache tu, bana," alisema. Nilijua jibu ni hapana. Nikasema sawa. Nafasi haikutosha, basi nikaitoa mitungi miwili kwenye mabeseni, nikaisukuma ukutani na kuyabananisha magunia mbele yake. Tena nilivaa glavu, mtaalamu mimi.

Alipoyachukua baada ya majuma mawili, aliniachia gunia moja. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. Siku hiyohiyo nililituma Bungoma, kwa mama yangu huko Sirisia, anakolea watoto wanne wa marehemu dada yangu. Nilijiona mwana wa maana kweli.

Nasema kwa aibu: mitungi ilikaa palepale karibu miezi miwili. Nilipokwenda kuirudisha, mmoja ulinyanyuka mwepesi mno. Sakafuni palikuwa na doa la kahawia lililokaukia, limetambaa hadi magunia yalipokuwa, na juu yake nyuzi za gunia zimejichora wazi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nikampigia mama. Kabla sijasema neno, alinishukuru.

"Haki hayo mahindi ni mazuri, baba. Ya majirani yote imeharibiwa na wadudu. Yako hata mdudu moja haijagusa."

"Mama, msiyale tena. Yamwage."

"Nimwage chakura? Si unanitania?"

Nilimwambia gunia lilimwagikiwa na dawa ya sumu, awapeleke watoto hospitali sasa hivi. Sikumwambia nani aliutoa mtungi kwenye beseni. Nyuma yake niliwasikia watoto wakigombania ukoko wa sufuria.

"Ati sumu," akasema polepole. "Na kwa gunia nzima imebaki gorogoro moja tu, baba."