Salha na Breki Zilizofyekwa

Salha Abdulaziz alizaliwa Makambako, nyuma ya duka la vipuri la baba yake, na tangu utotoni alijulikana kwa mdomo na uvivu. Mdomo ulimgombanisha na walimu wa madrasa. Uvivu ulimfikisha chuo kikuu, kwa sababu aligundua mapema kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi ya mtu huku mwenyewe amekaa anakunywa chai.

Alirudi na shahada, akaolewa na Omary, dereva wa lori, mtu wa asili ya Tanga ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote duniani isipokuwa chakula. Wote wawili waliajiriwa na kampuni moja ya usafirishaji, ofisi yake kuu ikiwa Njombe mjini na yadi ya malori Makambako. Watu wa yadi walisema mke anaandika, mume anaendesha, bado binti yao Rukaya tu kupewa kazi ya kuziba pancha.

Kazi ya Salha ilikuwa programu ya getini. Lori halikutoka bila kibali, na kibali kilitolewa na kompyuta baada ya kupitia kanuni za usalama. Kanuni zenyewe ziliandikwa na makarani, kwa lugha ndogo ya Kiswahili aliyoibuni Salha, halafu kompaila yake ikazigeuza kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Kompaila ni mkalimani, basi. Na mkalimani mzuri, kama mshenga mzuri, hapeleki upande wa pili kila upuuzi aliousikia.

Siku moja meneja, Patrick, alipiga simu kutoka Njombe, akaanza kwa salamu ya Kibena.

"Kamwene, dada Salha. Malori yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Programu yako inatembea kama bibi harusi."

"Bosi, kompyuta ya getini ina umri sawa na Irine."

"Irine ana umri gani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi bado napenda kuishi."

Irine alikuwa karani wa geti, na alikuwa amekaa hapo hapo akisikiliza.

Kompyuta mpya haikuja. Salha akaamua kuifundisha kompaila yake kufupisha kazi. Kanuni zile zilijaa fanksheni, yaani vijisehemu vya programu ambavyo unavipa namba, vinapiga hesabu, vinakurudishia jibu. Nyingi zilikuwa pole kama kondoo: haziandiki popote, hazibadilishi kitu, ukizipa namba zilezile zinarudisha jibu lilelile. Salha akawaza: kama fanksheni haigusi kitu, na jibu lake halitumiki na yeyote, ya nini kuiita? Ifyekwe. Na kama inaitwa upya kwa kila lori ilhali jibu ni lilelile, ya nini kurudia? Itolewe nje ya mzunguko unaorudiwa kwa kila lori, iitwe mara moja kabla ya lori la kwanza.

Programu ikakimbia kama mbuzi aliyeona kisu. Irine alilalamika kwamba sasa hata uji wake haupati muda wa kupoa. Patrick alimsifu Salha kwenye kikao, naye akatembea na sifa hizo mjini kama mtu mwenye viatu vipya.

Dalili ya kwanza ilikuja sikukuu ya Idi. Yadi ilikuwa tupu, na mlinzi alipiga simu kusema kompyuta imegoma kufunguka. Salha akaenda na gauni lake la sikukuu, akanung'unika njia nzima. Kumbe fanksheni ya wastani, inayogawanya uzito wote kwa idadi ya malori, zamani ilikuwa ndani ya mzunguko. Pasipokuwa na lori, haikuitwa kabisa. Kompaila ilikuwa imeitoa nje, kwa hiyo ikaitwa hata siku ambayo hakuna lori, ikajikuta inagawanya kwa sifuri, ikagoma kabla hata ya kazi kuanza, na kila kitu kikasimama.

Alijua kwamba hapo pana jambo kubwa kuliko Idi. Lakini pilau lilikuwa linapoa. Aliandika mstari mmoja wa kuruka kanuni hiyo yadi ikiwa tupu, akaenda kula.

Wiki chache baadaye Omary alitumwa Manda, ziwani, na lori la magodoro. Alipita Njombe, akapita Ludewa, na mchana wake Salha akapokea simu.

"Mama Rukaya," alisema Omary kwa sauti yake ileile ya pole, "nimepata ajali, ila nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye godoro."

Salha aliegemea ukuta. Omary akasimulia kwamba wakati anashuka kuelekea ziwani alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini bila kukutana na mtu. Akapunguza gia, akasoma dua zote alizozijua na moja aliyoitunga, kisha akalisugua lori kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama, limelalia ubavu kama mlevi. Kamba zilikatika. Magodoro yaliporomoka bondeni.

"Umeumia?"

"Kiwiko tu. Watu wa hapa wamenisaidia sana kuokota magodoro. Wengine wanayaokotea nyumbani kwao."

Salha alicheka.

Alipokata simu alikwenda moja kwa moja kwa Gideoni, fundi wa kupima breki. Gideoni alisema asubuhi ile umeme ulikatika upande wa karakana, mashine ya kupimia haikuwaka, naye hakuingiza namba yoyote.

"Na ukamwacha aondoke?"

"Nilijua kompyuta itakataa. Namba zikikosekana huwa inakataa."

Irine naye alisema, "Kompyuta imetoa kibali, mimi ni nani nibishane na kompyuta ya mke wa Omary?"

"Mke wa Omary ni mimi."

"Ndiyo maana sikubishana."

Salha akafungua kanuni. Mstari ulikuwepo: ita fanksheni ya nguvu za breki. Zamani jibu lake liliandikwa kwenye kibali, mpaka madereva wakalalamika kwamba asilimia zinawachanganya, na makarani wakaacha kuliandika. Mstari wenyewe waliubakiza kwa makusudi, kwa sababu namba zikikosekana fanksheni hugoma na kibali hakitoki. Halafu Salha akafungua kile kilichotoka kwenye kompaila. Mstari haukuwepo. Jibu halitumiki, fanksheni haigusi kitu: ilikuwa imefyekwa, sawasawa na alivyoagiza.

Omary alirudi kesho yake na lifti ya gari la dagaa, akinuka kama ziwa zima. Salha alimwacha ale kwanza. Kisha akamwambia yote, bila kujitetea, macho yake kwenye sahani.

Omary alimeza tonge. "Kwa hiyo uliona haina kazi."

"Niliona jibu lake halitumiki."

"Hata mimi humu ndani jibu langu halitumiki, mama Rukaya. Naomba usinifute."

Alitaka kumchekesha, na Salha akalia. Omary akamsogezea bakuli la maharage, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kumpa mtu anayelia.

Siku iliyofuata Salha alipanda gari hadi Njombe, akaingia ofisini kwa Patrick bila kubisha hodi.

"Naurudisha ule ufupisho nyuma," alisema. "Si wote. Sehemu kubwa."

"Lakini ulisema fanksheni zile hazigusi kitu."

"Hazigusi. Ila zinaweza kugoma, na kugoma ni kazi. Ukimtuma mtu akatazame kama mto unapitika, hukumtuma alete maji. Akinyamaza unavuka, akipiga kelele unasimama. Mimi nimemwambia abaki nyumbani kwa sababu harudi na ndoo."

Patrick alikuna kidevu. "Basi zile zinazoweza kugoma ziache zilivyo."

"Zisifutwe. Zisitolewe nje ya mzunguko, maana zinaweza kugoma mahali ambapo zisingeitwa kabisa. Hata mbili zisibadilishane zamu: ya tairi ikitangulia ile ya breki, dereva anapewa sababu nyingine na Irine anamwita fundi mwingine."

"Na zinazoweza kugoma ni ngapi?"

"Karibu zote. Kila inayogawanya. Kila inayosoma namba ambayo mtu anaweza kusahau kuiingiza."

"Kwa hiyo bibi harusi anarudi."

"Anarudi, na wazazi wake."

Patrick hakufurahi. Salha akamwachia njia moja. Aliongeza kwenye lugha yake neno "haigomi". Karani akiliandika juu ya fanksheni, anaahidi kwa jina lake kwamba haitagoma kamwe, na kompaila inapata ruhusa ya kuifyeka au kuihamisha. Lakini ikibaki, ikaitwa, ikagoma licha ya ahadi, hakuna kubembelezana: programu nzima inakufa hapo hapo, na jina la aliyeahidi linatokea kwenye kioo.

"Vizuri sana," alisema Patrick, na wiki hiyohiyo akashuka Makambako, akakaa kwenye kiti cha Irine, akaandika "haigomi" juu ya fanksheni karibu zote. Za breki tu aliziruka. Alikuwa ameona picha za lori. Salha alimwonya. Patrick alisema uongozi ni kuthubutu.

Jumatatu, yadi imejaa malori ya viazi kutoka Iwawa, mtu alisahau kuingiza uzito wa tela moja. Kompyuta ilizimika ghafla, kisha ikaandika kwa herufi kubwa: PATRICK ALIAHIDI HAIGOMI. IMEGOMA. Irine alisimama mlangoni akawasomea madereva, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, akarudia kwa walioko nyuma.

Habari ilifika Njombe kabla ya chakula cha mchana. Patrick alirudi, safari hii bila tai, akakaa na Salha na Irine wakapitia fanksheni moja baada ya nyingine. Neno lilibaki juu ya chache tu zilizostahili, kama ile inayochagua namba kubwa kati ya mbili. Nyingine zote ziliachwa na haki yao ya kugoma. Nafuu ya kasi iliyobaki ilikuwa ndogo hadi ya kuchekesha. Mwishowe Patrick alitoa kompyuta ya ofisini kwake, nzuri na mpya, ambayo haikuwahi kufanya kazi ngumu kuliko kucheza karata, ikaletwa getini. Foleni ikapungua kuliko ilivyowahi kupungua kwa akili za Salha.

Asubuhi moja ya baridi kali, dereva mmoja aitwaye Wiliam alinyimwa kibali. Alishuka, akapiga kelele getini kwamba ana abiria mgonjwa wa kumshusha hospitali ya Ikonda, kwamba lori lake ni zima, kwamba aliyetengeneza programu hii ni mjinga aliyekosa mume. Salha alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Mume ninaye," alisema. "Breki huna. Gideoni anasema hajalipima gari lako tangu jana."

"Nina haraka, dada."

"Naona. Mgonjwa wako atapanda lori linalofuata, hilo limeshapimwa. Wewe lisogeze lako kwenye shimo la ukaguzi, kwa fundi, halafu uje unywe chai, uendelee kunitukana ukiwa umekaa."

Wiliam alimtazama, akatazama geti, akalirudisha lori nyuma.