Siku Niliyoitikia Baraka Peke Yangu

Mimi nilikuwaga nasema hadharani kwamba kwenye kazi ya mziki hakuna kitu kitanishangaza tena, na nilikuwa na sababu, maana nimeishia darasa la nne, nimeanza kwa kubeba spika za watu kichwani pale Bunda, na leo nina spika zangu, pikapu, duka Mwisenge, na kompyuta ya mezani ninayokwenda nayo kwenye sherehe (wenzangu wanapiga kwa simu, mimi kwa kompyuta). Kwa hiyo aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia mtaani Kamunyonge, maana huko wameshaiongezea chumvi.

Sasa hiyo kompyuta ilikuwa na kile kialama cha spika pale chini pembeni, unakibonyeza, kinatokea kimstari kimoja, unapandisha, unashusha, basi. Miaka yote kilinitosha. Ila wateja wakichungulia nyuma ya meza yangu wanaona kimstari kimoja tu, nikahisi wananiona sijui kitu. Nikaweka programu nyingine yenye mistari kibao: wimbo mstari wake, maiki mstari wake, na kila kimoja unachagua kitokee wapi, kwenye spika za nje au kwenye hedifoni. Nusu yake sikuielewa. Lakini ilivyokuwa inawaka kijani na nyekundu, hata mimi nilijiheshimu.

Nikaenda nayo Butiama, kwenye kumuaga binti mmoja, Nyangeta, anaolewa Bunda. Kwenye ukoo ule binti hatoki kwao mpaka bibi yake amtamkie baraka, na ndugu wote waitikie "Na iwe!" kila neno, bila hivyo mashangazi wanakaa getini na hatoki mtu. Bibi mwenyewe yuko Bugwema, miguu imevimba, safari hawezi, kwa hiyo walimrekodi, wakaniletea kwenye flashi. Shangazi mkubwa, Mama Wegesa, akaniambia, "Baba, hii sauti ndiyo shughuli yenyewe. Hayo mengine ni wali tu."

"Mama, uko na mtaalamu," nikamjibu.

Asubuhi nilikuwa nimeielekeza ile rekodi kwenye hedifoni ili niijaribu peke yangu, na sikuirudisha kwenye spika. Muda ulipofika uwanja ukanyamaza, Nyangeta akapiga magoti kwenye mkeka, nikavaa hedifoni zangu kubwa, nikabonyeza. Bibi akatoka safi kabisa! "Mjukuu wangu, ukazae." Nikafumba macho. "Na iwe!" nikasema. "Ukaheshimiwe." "Na iwe!" Yule bibi ana sauti ya kumwingia mtu ndani, nikamkumbuka mama yangu, machozi yakaanza, nikazidi kuitikia, nikaongezea na vyangu, "Sema, bibi! Haswaa!" (maiki ilikuwa wazi mbele ya mdomo wangu, mstari wake nimeupandisha mpaka juu).

Mara mtu akanivua hedifoni sikio moja. Mama Wegesa.

"Baba, unaongea na nani?"

Uwanja mzima ulikuwa unaniangalia. Hawakuwa wamesikia hata neno moja la bibi. Walichosikia ni mimi kwenye spika zote, na iwe, na iwe, kama mtu aliyepandwa na pepo. Mmoja wa waliokuja na bwana harusi akapaza sauti, "Fundi ameshabarikiwa, mvisheni shela!" Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nyangeta peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, ananitazama kama mtu aliyeibiwa.

Nikasema narudia sasa hivi. Nikaanza kuhangaika na ile mistari, nikapandisha huu, spika zikapiga yowe, nikashusha ule, zikazima kabisa. Mama Wegesa akanishika mkono. "Acha. Baraka haipigwi mara mbili kama wimbo. Imeshatamkwa, na aliyeitikia ni wewe. Labda mama yangu mwenyewe aitamke upya." Akampigia simu Bugwema. Bibi akajibu kwamba kwenye mashine haongei tena, waje wamchukue, maumivu ya miguu atajua mwenyewe.

Pikapu isingemfaa, nikakodi gari dogo lenye viti laini, nikamfuata mwenyewe. Tukiwa tunarudi, kila tukigonga shimo bibi anashika goti bila kulalamika, na mimi nawaza. Hakuna aliyeniomba mistari kibao. Waliniomba wasikie, basi. Sisemi programu ile ni mbaya, kuna mafundi wanaijua na inawasaidia. Mimi niliiweka ili nionekane nimesoma. Tulipokaribia kufika, bibi akaniuliza:

"Ni wewe uliyeitikia?"

"Ni mimi, bibi."

"Uliitikia kwa moyo?"

"Mpaka nililia."

"Haya. Leo kaa nyuma, waitikie wenyewe."

Walimbeba kwenye kiti mpaka kwenye mkeka. Nikamsogezea maiki, akaisukuma. Akasema kwa sauti yake tu, ukoo ukaitikia, mpaka na waliokuwa barabarani wakaitikia, Nyangeta akasimama anafuta uso, na mashangazi wakatoka getini. Gari la Bunda likaondoka jua bado lipo.

Nilipofika dukani niliifuta ile programu, nikarudi kwenye kimstari changu kimoja, na naapa mbele yenu, kitu nisichokielewa hakitakaa tena kati ya mtu na sauti ya bibi yake. Hasara yangu ya siku ile: gari kwenda na kurudi, doti ya kitenge niliyompa bibi, mbuzi wa kuwaomba radhi mashangazi, na malipo ya kazi niliyoyarudisha, jumla shilingi laki nne, elfu sitini na tatu na mia tano.