Karata Isiyo na Namba

Mama Bénie hajui kukaa. Nasema hivyo kwa upendo, maana meza yangu ya viazi na meza yake ya makoti zimepakana sokoni Bulengera, hapa Butembo, tangu alipofika kutoka Beni, na kama kuna mtu amechoshwa na kuinuka kwake, ni mimi. Anapanga makoti kwa rangi, anayapangua, anayapanga kwa ukubwa. Mteja akiuliza bei anamjibu huku anatazama barabara. Kanisani alibatizwa Berthe, jina la kwao ni Kahongya, lakini sisi wa sokoni tunamwita kwa jina la binti yake, kama mimi ninavyoitwa Mama Abdias.

Vita vilimkimbiza kutoka mtaa wa Bungulu, kule Beni, Bénie akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mumewe Lusenge alikuwa amekwisha kufariki kwa maradhi. Nyumba waliyoijenga wawili ikabaki imefungwa, na mpaka leo imesimama. Tangu hapo alipanga vyumba Bulengera, hiki mwaka huu, kile mwaka ujao. Hakuwa na kitanda. Alilala na binti yake kwenye godoro chini, kwa sababu, alisema, kitanda hakibebeki. Na nyuma ya mlango wa kila chumba alichopanga, kitu cha kwanza kuwekwa kilikuwa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge, tayari kwa safari.

Habari zikija kwamba Beni kumetulia, alitangaza kwamba juma lijalo anarudi. Habari zikija kwamba watu wamekimbia tena, alikwenda kukagua fundo la kifurushi. Kwa mdomo amerudi Beni mara nyingi sana. Miguu haijawahi kufika.

Basi, karata. Butembo kuna baridi, na makoti ya Ulaya yanauzika. Robota la mitumba likifunguliwa, kabla hujatazama koti unatazama mifuko, ndivyo kazi ya mitumba ilivyo, na mimi jirani humsaidia. Humo tumeshaokota tiketi za treni, leso zenye makamasi ya watu tusiowajua, hata jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi. Siku hiyo Mama Bénie aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti jeusi la kiume akatoa kiboksi chenye karata za picha, zenye namba juu na majina ya Kifaransa chini. Ndani mlikuwa na kikaratasi cha maelekezo. Yeye alisoma sekondari, akanisomea: karata hizi huitwa tarot, wengine huzitumia kubashiri, lakini unaweza kuzitumia kujitazama moyoni. Unavuta moja, unaitazama, unajiuliza imekugusa wapi.

“Zichome,” nilimwambia. “Bato banaweza kusema uko mulozi.”

“Mama Abdias, karatasi tu inakuogopesha hivi?”

Akazipeleka nyumbani. Kila asubuhi, makaa yakiwa bado hayajashika moto wa chai, alifanya ishara ya msalaba, akavuta karata moja, akaiweka juu ya kigoda na kuitazama. Kisha alikuja sokoni kunihadithia. Kulikuwa na mzee mwenye taa, tukakubaliana kwamba anatafuta simu yake wakati umeme umekatika. Kulikuwa na kijana mwenye meza na vitu vidogovidogo juu yake, na huyo alimfurahisha sana: mwenzetu wa sokoni. Lakini pia kulikuwa na mnara unaopigwa na moto na watu wakianguka. Siku aliyovuta huo hakufungua meza mpaka mchana. Nilipomwuliza alisema karata ilimwuliza kama bado anasikia ile milio ya risasi, naye akakaa pale kwenye kigoda akajibu kweli: ndiyo, kila siku. Alilia, akanywa chai, akaja kazini.

Nilikasirika. Sikupenda kitu kinachomliza mtu asubuhi kabla hajala. Lakini niwe mkweli, siku hiyo aliuza makoti akiwa ameketi.

Katika shirika letu la sala maneno yalianza, na aliyeyabeba ni Mariette muuza vitenge. Mariette huyu huenda kwa kila nabii anayefungua chumba cha maombi mjini, na hatoki bila kuambiwa kesho yake. Aliposikia Mama Bénie ana karata hakuja kumkemea. Alikuja kuulizia, tena akaniburuta na mimi niwe shahidi.

“Mama Bénie, niangalilie,” akasema hata kabla ya kuketi. “Bwana yangu iko na mwanamuke mwingine kule Kasindi, ao hapana?”

“Hizi hazijue mambo ya vile. Vuta moja, angalia, uniambie unaona nini.”

Mariette alivuta. Ilikuwa picha ya mtu aliyening'inizwa mguu mmoja, kichwa chini.

“Naona mutu ananing'inia.”

“Na weye, ni wapi unaning'inia?”

“Kama ningekuwa najua, singekuya hapa!” Mariette alifoka. “Nabii ananiambia mambo yangu, weye unaniuliza! Ni kazi gani hii?”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nadhani kicheko changu ndicho kilichomwudhi zaidi. Alizikusanya karata zote kwa mikono miwili, akazikagua kwa haraka kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitenge, kisha akabandika moja juu ya kigoda. Ilikuwa picha ya mtu anayetembea, fimbo mkononi, kifurushi begani, na mbwa nyuma yake anamrarua suruali. Chini iliandikwa Le Mat. Juu, mahali pa namba, palikuwa patupu.

“Huyu njo weye,” Mariette akasema, akimnyooshea Mama Bénie kidole. “Ona kafurushi kake. Bengine bote biko na namba, yeye hapana. Utatembea tu mupaka kufa.”

Akaondoka. Nilidhani Mama Bénie atacheka nami. Hakucheka. Kwetu mtoto akizaliwa anapewa jina la zamu yake, wa kwanza ana lake na wa tano ana lake, ili ajue amesimama wapi kati ya ndugu zake. Mtu asiye na namba ni kitu cha kutisha. Na huyu mwanamke, ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akisema karata hazijui kesho, aliipokea ile moja kama hukumu.

Tangu hapo hali ilikuwa mbaya. Asubuhi alisema anarudi Beni, jioni alisema anakwenda Lubero kulima viazi. Aliihamisha meza yake upande wa pili wa soko, akairudisha. Bénie, ambaye mwaka ule alikuwa anamaliza shule ya msingi, alinifuata siku moja kwenye viazi vyangu akaniuliza kwa sauti ndogo, “Mama Abdias, weye unajua nitasomea secondaire wapi? Masœur banauliza, na mama anasema tutaona.” Nilimpa viazi viwili vya kuchoma.

Na katikati ya hayo, Jamali akatuma ujumbe. Jamali ni mtu wa Beni, Mwislamu, ana lori linalopita Butembo kila juma, na kwa muda mrefu alikuwa akiiomba ile nyumba ya Bungulu ainunue aweke familia yake. Kila mara Mama Bénie alisema ngoja. Safari hii Jamali alisema atapita Ijumaa baada ya swala, na asipopata jibu atachukua nyumba nyingine aliyokwisha kuiona. Mimi nilijua, naye alijua, kwamba mnunuzi mwingine wa nyumba Bungulu hatapatikana kirahisi. Akiuza angeweza kupata kiwanja hapa, Bénie akaandikishwa sekondari kwa wale masista, nao wakalala juu ya kitanda kama watu. Lakini ile nyumba mawe yake aliyabeba Lusenge. Angeiuzaje? Na angebakije nayo?

Ijumaa asubuhi nilipita kwake kabla ya kwenda sokoni. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwa majivu na chai ilikuwa imepoa. Mama Bénie alikuwa amekaa mbele ya kigoda, na juu ya kigoda yule yule mtu wa kutembea.

“Uliivuta, ao uliitafuta?” nikauliza.

“Niliitafuta. Nataka iniambie kama niuzishe.”

“Kumbe sasa weye njo Mariette!”

Aliinuka, akaketi, akainuka. Sikulala vizuri usiku ule, goti lilikuwa linaniuma, na uvumilivu wangu si mwingi hata siku njema. Nikaichukua karata nikamwekea chini ya pua.

“Huyu mutu anakuchokesha tangu mwezi mzima. Haya, ndani ya kafurushi kake muko nini?”

“Nitajua wapi? Amekafunga.”

“Na ndani ya kako?”

Wote wawili tukatazama nyuma ya mlango. Nikaona usoni pake kwamba hajui. Amekihamisha chumba hadi chumba, amekagua fundo lake mara ngapi sijui, na hajui.

Fundo lilikuwa limekaza, tukalifungua kwa meno. Kwanza kulitoka unga wa mahindi ambao wadudu walikwisha kuumaliza wakafa. Kipande cha sabuni kigumu kama jiwe. Ufunguo wa Bungulu. Halafu vindala vya plastiki vya rangi ya waridi, virefu kama kidole changu cha kati, na gauni la manjano lenye vifungo vya maua, na sweta ambayo mikono yake isingeingia hata kwa mdoli mkubwa.

Mama Bénie alilishika gauni kwa mabega, akaliinua juu.

“Bénie! Kuya hapa.”

Msichana aliingia na ndoo ya maji, miguu mirefu, karibu kumfikia mama yake begani. Mama yake alimwekea gauni kifuani. Liliishia juu ya kitovu.

“Ni ya nani?” Bénie akauliza huku anacheka.

“Ni yako.”

“Ya mimi? Aa, mama!”

Mama Bénie akaketi chini kabisa, sakafuni, gauni mapajani. “Myaka yote hii,” akasema, “nilikuwa tayari kumukimbiza mutoto mwenye hayuko tena. Na huyu mwenye iko, kama vita ingekuya jana, singekuwa na hata kiatu ya kumuvalisha.”

Akalia, na safari hii sikukasirika. Bénie aliacha kucheka, akatua ndoo, akaketi karibu na mama yake. Kisha akasema kitu ambacho nadhani kilimaliza kazi. Alisema, “Mama, ile nyumba ya Beni, mi siikumbuke hata kidogo. Ilikuwa rangi gani?”

“Buluu,” mama yake akasema. “Milango ilikuwa buluu.”

Jamali alikuja baada ya swala, kofia bado kichwani, akasimama mlangoni kwa adabu. “Mama Bénie, nimekuya kuchukua jibu. Hata kama ni hapana, sitakasirika.”

Mama Bénie alimpa ufunguo mkononi. Nilidhani yamekwisha, lakini hakuuachia. Wakabaki wameushika wote wawili.

“Papa Jamali, ile mulango ya nyuma. Unapashwa kuinua kidogo mbele ya kusukuma. Usilete fundi airekebishe. Lusenge alijitengenezea mwenyewe, na hakukuwa fundi. Inua tu kidogo.”

“Nitainua, Mama.”

“Ambia na bibi yako.”

“Nitamwambia.”

Ndipo akauachia. Jamali alipofika kwenye kona Mama Bénie alimkimbilia peku kumwambia asiukate mti wa parachichi, akarudi, akakumbuka jambo la paa, akataka kukimbia tena. Nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu.

Siku hizi wana kiwanja kidogo chenye nyumba upande wa juu, na kitanda. Bénie anasoma kwa masista. Msidhani Mama Bénie ametulia. Makoti bado anayapangua, na barabara bado anaitazama. Asubuhi anavuta karata yake, na Mariette hamsalimii. Mtu wa kutembea yumo humo kati ya wenzake, naye akitokea anatazamwa kama wengine.

Na nyuma ya mlango mpya kifurushi kipo, maana hapa kwetu asiyekuwa nacho ni mjinga. Nilikuwepo alipokifunga. Aliweka unga mpya na sabuni mpya, akamwita Bénie, akampima sketi kiunoni na viatu miguuni, kimoja kimoja. Kila likizo kubwa anakifungua na kumwita tena. Juzi nilirudi kwangu nikavuta cha kwangu kutoka chini ya kitanda. Mlikuwa na kaptula za shule za Abdias. Abdias ana ndevu.