Pumzi ya Fundi wa Maabara

Kila nikiingia na ufagio, yule binti fundi wa maabara ya chuo aliniamkia huku ameuelekeza uso dirishani. Mimi nina umri wa mama yake. Shikamoo ya kupewa kisogo hapa Tabora inakera. Kutwa aliinamia leza mbili, taa za miale myembamba, vidole vikizungusha skrubu kidogo kidogo, akizichanganya zizae mawimbi yasiyoonekana, yaliyo kati ya yale ya simu na yale ya joto la mkaa, yote yakienda kwa hatua moja. Miezi minane mshale wa kipimo cha mawimbi hayo haukutikisika. "Mama Tunu, yanamezwa na unyevu," alinieleza siku moja, uso bado pembeni. "Hata wa pumzi yangu." Nikaona haya; kumbe kisogo kile hakikuwa dharau. Jumatatu hii, hewa kavu ya kiangazi ikipasua midomo, mshale ulipanda. Nikapiga kigelegele, yeye hakucheka. Ili kuhakikisha, aliinama, akapuliza pumzi ndefu kwenye njia ya mawimbi yake, mshale ukaanguka. Akajitenga, ukapanda tena. Hapo ndipo alipocheka, machozi yakimlengalenga. Akanigeukia kabisa. "Shikamoo, mama." Nilipoitikia, pumzi yake ilikuwa imenifika usoni.