Nadhiri ya Mama na Kinu cha Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na kinu cha kukamua ufuta mtaani kwetu Mkomani. Kinu kilizungushwa na ngamia, na ngamia alifungwa macho. Niliporudi kutoka chuo kikuu India, watu wa nyumbani waliamini kwamba kati yetu sisi watatu, mjomba, ngamia na mimi, mwenye kuona ni mimi.

Nilirudi wakati mbaya. Watumwa walikuwa wameachwa huru miaka michache nyuma, na mashamba ya bara yaliyokuwa yakitupa ufuta yalishikwa na magugu; waliolima kwa lazima hawakuona sababu ya kulima kwa hisani. Halafu meli zikaanza kuteremsha madebe ya mafuta ya taa, na nyumba moja baada ya nyingine ikaacha kuwasha mafuta yetu. Nyumba tatu zilikula kutokana na kile kinu: ya mjomba, ya mama yangu mjane, ambaye ni dada yake, na ya mtu aliyemwendesha ngamia.

Mjomba alinikalisha barazani akaniuliza shule zangu zasemaje juu ya mtu anayehamwa na wateja. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamweleza, kwa maneno ambayo nusu yake sikuyapatia Kiswahili, kwamba mfanyabiashara aliyebanwa asiwakimbilie wote wanaomtoroka. Atafute mteja asiyeweza kuondoka, amshike huyo, wengine awaache waende.

"Na ni nani asiyeweza kuondoka?"

Nikasema ni msikiti. Na kwa kweli haikuwa hoja ya kipumbavu. Vibatari vya mafuta ya taa vilinuka na kutoa masizi, na imamu wetu alikuwa akiwarudisha mlangoni waliokula kitunguu saumu kibichi. Mjomba akafikiri kwa siku kadhaa, kisha akaamua. Aliiahidi misikiti ya mtaa mafuta safi mwaka mzima, hata ufuta ukiadimika, na kila ufuta alioupata akauweka kwa ajili yao. Wanawake waliokuja na vibuyu kutaka mafuta ya nywele wakaambiwa hamna.

"Kumbe siku hizi misikiti ndiyo yenye nywele," alisema mmoja wao, akaenda zake.

Mpango ulishika. Kwa miezi kadhaa nilitembea mtaani kama mtu aliyevumbua mafuta yenyewe. Kisha nikaugua.

Homa ilinilaza hata nikawa siwatambui watu. Nimeambiwa nilihutubia dari kwa Kiingereza. Mama alikuwa ameshazika watoto wawili. Kando ya kitanda changu aliweka nadhiri kwamba nikipona atautilia msikiti wetu taa mbili za chemni, zile za mafuta ya taa zenye kioo, zisizotoa moshi wala harufu. Alikuwa ameziona dukani, na hakuwahi kuona kitu kizuri kuliko hicho.

Nikapona.

Nilizisikia habari hizo siku alipotoa vikuku vyake viuzwe. Nilijua mara moja mambo yatakwendaje: msikiti wetu ukipata taa hizo, mingine itataka zake. Nikamsihi atoe mikeka ya Kipungani badala yake, sakafu nzima. Akasema hana ugomvi na mikeka.

"Nilisema taa, mwanangu. Mngu alinisikia nikisema taa. Sasa nimwambie wewe ulipona nusu?"

Nikaenda kwa mjomba ili amkataze, yeye akiwa mkubwa wa nyumba. Alikuwa akimlisha ngamia mashudu ya ufuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono polepole.

"Ungekufa, ningekuzika mimi," alisema. "Mwache dada yangu atimize neno lake."

"Na kinu?"

"Kinu tumekitoa kwa ajili yako. Usizungumze sana, Bwana msomi, nisije nikaona bei ni kubwa."

Taa zikatundikwa. Sitasema hazikuwa nzuri. Wazee walisoma Kurani bila kuinama. Kabla ya Ramadhani iliyofuata, misikiti mingine miwili ilikuwa na zake. Mjomba akawapelekea habari wale wanawake kwamba mafuta ya nywele yapo tena, lakini walikwisha kuzoea ya nazi. Mwendesha ngamia alihamia Kizingitini kwa shemeji zake wavuvi, ingawa bahari ilikuwa ikimtapisha. Ngamia hakupata mnunuzi ila mchinjaji.

Fungu moja la nyama lilikuja kwetu. Mama akanipikia supu, kwa kuwa nilikuwa bado nimekonda, akaketi mbele yangu kuhakikisha namaliza. Nyama ilikuwa ngumu kama kamba. Mjomba, aliyeileta mwenyewe, alitafuna pamoja nami, kisha akauliza kama kuna chumvi.