Siku Baba Hakujibu Makofi

Mimi nina mdomo, ukoo mzima unajua. Jioni moja nilimfokea baba kwenye simu kwa sababu ameacha dawa za presha, eti anajisikia mzima. Baba yangu mzazi, nikamfokea kama mtoto! Akakata simu.

Asubuhi nikapanda bodaboda kutoka Kasulu mjini hadi kwake Heru Juu, kumwomba radhi. Kwetu Waha, baba husalimiwa kwa magoti na makofi ya taratibu, naye hujibu kwa makofi. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, akanitazama tu. Mikono ilibaki mapajani.

Nikajua kaninunia. Haya, nikasema moyoni, tuone nani atachoka kwanza. Nikaingia jikoni nikachambua maharage saa nzima, nimevimba kwa hasira. Nilipompelekea chai, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kwa mkono wa kushoto alijishika kifua, akiguna bila neno.

Hospitalini daktari alimpima presha mkono mmoja, kisha wa pili, zikapishana mno. Akaniambia mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo huenda umechanika kwa ndani, na damu haifiki vizuri kwenye ubongo. Apelekwe Dar es Salaam kwa ndege, apasuliwe haraka.

"Imeanza saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi hii," nikasema. Ile saa ya maharage sikuitaja.

Huko Dar walimwingiza chumba cha upasuaji asubuhi iliyofuata, wakamtoa jua limezama. Nilikaa kwenye benchi nikimwomba Mungu kitu kimoja tu, baba aamke anifokee. Daktari alitoka akasema mshipa wameutengeneza, yu hai. Kuhusu mkono na maneno, tusubiri.

Maneno yalirudi, kwa shida. Mkono haukurudi. Miezi ikapita ndipo nikapata ujasiri, nikapiga magoti mbele ya kiti kilekile.

"Baba, siku ile nilidhani umeninunia. Nikakuacha peke yako saa nzima."

Akalitafuta kila neno.

"Nilikuwa nakujibu, mwanangu," alisema. "Mkono ndio uliokataa."

Nililia, jamani, mpaka kanga ikalowa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akangoja. Nikaweka kiganja changu mbele yake, akakipiga taratibu, mara mbili.